Itazame Taa Kwanza, Ndipo Ununue Swichi

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo cha ukutani: ile swichi ya kuzungusha, inayoongeza na kupunguza mwanga wa taa. Mafundi wetu huiita dima. Huenda unayo sebuleni kwako, au umeiona kwa jirani ukaitamani. Mimi niliitamani, nikainunua, na kwa muda wa wiki sita ilimfanya mama yangu mzazi aamini kwamba anapofuka.

Mama alikuja kukaa nasi Morogoro baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Siku za mwanzo mwanga mkali ulimchoma, hasa alipoamka usiku kwenda msalani. Lakini kabla ya kulala alipenda kusoma Biblia yake yenye herufi kubwa, na kwa hilo alihitaji mwanga wa kutosha. Nikawaza: chumba kimoja, taa moja, mwanga wa namna mbili. Nikaenda dukani nikachagua dima nyeupe, nzuri kwa sura. Muuzaji hakuniuliza chumba kina taa gani, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa. Fundi akaifunga kwa robo saa. Taa za chumba zilikuwa balbu mbili za kubana umeme, nazo tukaziacha palepale.

Baada ya siku chache mama akaanza kuacha kusoma. "Leo nimechoka, mwanangu," alisema. Kesho yake tena amechoka. Akaweka kando na ukili aliokuwa akisuka. Nikadhani ni uzee, na nikajitahidi kumpikia vizuri zaidi.

Jioni moja mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa amekaa kitandani kwa bibi akifanya hesabu. Akainua kichwa akasema, "Bibi, mbona taa yako inatetemeka?"

Mama akamshika mkono. "Wewe nawe unaiona?"

"Naiona, Bibi. Inatetemeka."

Hapo ndipo mama alipotueleza. Alikuwa ameona vitu vikitikisika kila usiku, akajua kwamba upasuaji umeshindikana. Alinyamaza kwa sababu ndugu wote tulikuwa tumechangia gharama, na hakutaka kutuambia kwamba fedha yetu imepotea bure.

Kesho yake tulimpeleka kliniki ya macho, na nawe fanya hivyo, usiishie kuilaumu taa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho akiona vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea au kitu kama pazia mbele ya jicho, lazima aonwe na daktari upesi. Mama alipimwa, jicho likaonekana zima kabisa. Ugonjwa ulikuwa ukutani na darini. Haya niliyojifunza baada ya hapo nayaandika ili wewe usiyajifunze kwa njia niliyopita mimi.

DIMA HUFANYA KAZI GANI

Watu wengi hudhani dima hupunguza umeme kama vile bomba linavyopunguza maji ukilifunga nusu. Sivyo. Umeme wa majumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Kila kwenda ni pigo moja na kila kurudi ni pigo jingine, kwa hiyo yako mapigo 100 katika sekunde moja. Dima hukata kipande cha kila pigo. Ukiizungusha chini, hukata kipande kikubwa. Ukiizungusha juu, hukata kidogo. Yaani taa yako inazimwa na kuwashwa mara 100 kwa sekunde, upesi mno hata jicho lisitambue.

Dima za namna hii hazina umri mrefu sana. Zamani mwanga wa majumba ya michezo ya kuigiza ulipunguzwa kwa mitambo mikubwa na mizito, na mingine iliugeuza umeme uliopunguzwa kuwa joto tupu. Mwaka 1959, Mmarekani aitwaye Joel Spira alitengeneza dima ndogo ya elektroniki iliyoweza kuingia katika kisanduku cha swichi ya kawaida. Alifanya majaribio yake katika chumba cha ziada cha nyumba yao mjini New York. Mwaka 1961 yeye na mke wake, Ruth Rodale Spira, walianzisha kampuni ya kuziuza.

Kumbuka mwaka huo. Wakati ule taa ya kawaida ya nyumbani ilikuwa globu yenye uzi wa waya ndani, na dima ilitengenezwa kwa ajili ya globu hiyo. Taa zimebadilika sana tangu hapo, lakini dima za namna ile ya zamani bado ziko katika kuta nyingi na katika maduka mengi. Matatizo mengi huanzia hapo.

TAA MOJA BAADA YA NYINGINE

Kabla ya kwenda dukani, panda juu ya stuli taa ikiwa imezimwa na imepoa, utazame una taa ya aina gani. Tuziangalie moja moja.

Globu za uzi wa waya. Hizi ndizo zinazopatana na dima kwa urahisi zaidi. Uzi wake ni kama chungu cha udongo: kikishashika moto, hata ukivuta ukuni mmoja kinaendelea kuchemka. Dima inapokata pigo, uzi hauwahi kupoa, kwa hiyo mwanga hautikisiki. Ukipunguza, mwanga hugeuka kuwa wa njano, kisha mwekundu kama wa makaa. Ubaya wake ni kwamba inakula umeme. Tena usidhani kwamba mwanga ukipungua nusu na gharama imepungua nusu. Globu iliyofifishwa hadi nusu ya mwanga wake bado hutumia karibu asilimia 70 ya umeme wake wa kawaida.

Halojeni. Hii nayo ina uzi ndani, ila kioo chake ni kidogo na hupata joto kali sana. Halojeni inayotumia umeme wa nyumba moja kwa moja haigombani na dima. Ni vizuri tu kuiwasha kwa nguvu zake zote mara moja moja, kwa sababu ikitumika siku zote ikiwa imefifishwa, kioo chake kinaweza kuingia weusi. Zile halojeni ndogo za volti 12 zinazofichwa darini ni habari nyingine, kwa kuwa zinapitia kwenye transfoma. Hapo dima inapaswa kupatana na transfoma, na hilo nitalieleza mbele kidogo.

Balbu za kubana umeme. Ni zile zilizosokotwa kama kamba, ambazo madukani zilizoeleka kwa jina la enaji seva. Nyingi kabisa kati yake hazikutengenezwa kwa dima. Zikifungwa kwenye dima hutetemeka, hulia, hupata joto na kufa mapema. Huweza hata kuiharibu dima yenyewe. Wengine husema, "Mimi siizungushi, naiacha juu kabisa." Hata hivyo haifai. Hizi ndizo zilizokuwa chumbani kwa mama. Ndani yake mna zebaki kidogo, na mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba utengenezaji, uingizaji na usafirishaji wa balbu nyingi za aina hii ukome kufikia mwisho wa 2025. Kama unazo bado, zitumie kwenye swichi ya kawaida. Ikivunjika moja, fungua madirisha, toa watoto nje, na usiokote vipande kwa mikono mitupu.

Tyubu ndefu. Tyubu ya kawaida ya jikoni, yenye choki na stata, haifungwi kwenye dima ya ukutani. Hapa hakuna la kujadili.

Taa za LED. Hizi ndizo nyingi siku hizi, na ndizo zinazowachanganya watu zaidi. LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga sawa na ule wa globu ya zamani ya wati 60, na hilo ni jema kwa mita ya LUKU. Lakini LED si kama chungu. Ni kama sufuria nyepesi ya bati: ukitoa moto, papo hapo inapoa. Ndani ya kitako chake mna kifaa kidogo cha elektroniki kinachoupokea umeme wa nyumba na kuubadili uwe umeme unaokwenda upande mmoja. Kama kifaa hicho hakikutengenezwa kwa kufifishwa, kitang'ang'ania kutoa mwanga uleule huku dima ikikata. Wawili hao wakianza kuvutana, taa hutetemeka.

Kwa hiyo soma sanduku. LED inayokubali dima huandikwa neno la Kiingereza "dimmable". Isiyokubali huandikwa "not dimmable" au "non-dimmable", au huwekwa alama ya dima iliyopigwa mstari. Kama sanduku halisemi lolote, hesabu kwamba haikubali. LED ya kawaida nyingi hazibadiliki rangi zikififishwa. Mwanga hupungua tu, bila kuwa mwekundu kama wa globu. Kwa chumba cha kulala chagua yenye mwanga wa uvuguvugu, inayoandikwa 2700K.

Mikanda ya LED. Ile mikanda inayobandikwa nyuma ya kabati la televisheni hutumia umeme mdogo, mara nyingi volti 12 au 24, kupitia kisanduku cha kubadilishia umeme. Usifunge dima ya ukutani mbele ya kisanduku hicho mpaka uhakikishe kwamba kinakubali kufifishwa. La sivyo, nunua dima maalumu ya mikanda, ambayo hukaa kati ya kisanduku na mkanda.

Taa za sola. Wasomaji wanaotumia taa za volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri wajue kwamba dima ya ukutani haiwafai. Umeme wa betri hauna mapigo ya kukata. Nao wanaotumia inveta za bei nafuu wawe waangalifu, maana umeme wa baadhi ya inveta hizo una umbo ambalo dima nyingi hushindwa kulifuata.

KOSA LANGU LA PILI

Baada ya kutoka kliniki niling'oa zile balbu za kubana umeme, nikanunua LED mbili za wati 7 kila moja. Nilizichukua kwenye meza ya bei poa. Nikamwambia mama, "Sasa yamekwisha." Taa ilipokuwa juu kabisa ilitulia. Tulipoizungusha chini, ikaanza kutetemeka tena, na safari hii dima ikalia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Mama akacheka, nami nikashukuru angalau kwa kicheko hicho, maana sasa alijua kwamba si macho yake. Lakini nilikuwa nimetupa fedha mara ya pili. Sanduku la zile LED lilikuwa limeandikwa waziwazi kwamba hazikubali dima. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi macho nilikuwa nayo, sikutazama.

Nikamwita fundi mwingine, mtu mzima. Hakupanda ngazi. Aliomba kwanza kuona sanduku la dima. Akanionyesha maandishi madogo: wati 60 hadi 400.

"Mama, taa zako zina wati ngapi?" akaniuliza.

"Saba na saba, fundi. Kumi na nne."

"Basi dima hii haijui kwamba kuna taa hapa."

WATI ZA JUU NA WATI ZA CHINI

Wengi wetu tunajua kwamba kifaa kina kiwango cha juu ambacho hakipaswi kuzidishwa. Tusichojua ni kwamba dima ina kiwango cha chini pia. Ile ya wati 60 hadi 400 ilitengenezwa kwa globu za waya. Globu moja ya wati 60 ilitosha kuifanya itulie. LED mbili za wati 7 ni wati 14 tu. Ni mzigo mdogo mno, na dima ya namna hiyo hushindwa kushika sawasawa.

Kiwango cha juu nacho kina mtego. Usifikiri kwamba dima ya wati 400 itabeba LED za wati 400. LED huuvuta umeme kwa mikupuo mifupi yenye nguvu, hivyo huichosha dima zaidi ya wati zake zinavyoonyesha. Ikiwa sanduku halina kiwango cha LED kilichoandikwa peke yake, mafundi wengi hutumia kanuni ya sehemu moja kwa kumi: dima ya wati 400 za globu ichukuliwe kuwa ya wati 40 za LED. Dima nzuri za siku hizi huandikwa viwango viwili, cha globu na cha LED. Wewe fuata cha LED.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Sebule yenye LED sita za wati 5 ina wati 30. Tafuta dima ambayo kiwango chake cha chini cha LED ni pungufu ya 30, na cha juu kinazidi 30. Ukipanga kuongeza taa baadaye, zihesabu na hizo. Na kama dima mbili au tatu zitakaa katika kisanduku kimoja ukutani, kila moja hupunguziwa uwezo wake kwa sababu zinapashana joto.

DIMA NAZO SI ZA AINA MOJA

Nilisema dima hukata kipande cha kila pigo. Ziko zinazokata mwanzo wa pigo, na ziko zinazokata mwisho wake.

Zinazokata mwanzo ndizo za zamani na za bei ndogo. Kwa Kiingereza huandikwa "leading edge". Zinafaa kwa globu za waya, kwa halojeni za umeme wa nyumba, na kwa zile transfoma nzito za chuma. Umeme wake huingia kwa kishindo katika kila pigo, na ndiyo sababu taa nyingine hulia.

Zinazokata mwisho huandikwa "trailing edge". Hizi huuacha umeme upande polepole kisha huukata mwishoni. Ni tulivu zaidi, kiwango chake cha chini huwa kidogo, na kwa kawaida hupatana vizuri zaidi na LED pamoja na zile transfoma nyepesi za elektroniki. Usizifunge kwenye transfoma nzito za chuma. Bei yake ni kubwa kidogo. Ziko pia zinazoweza kufanya kazi zote mbili, sanduku litasema.

Hata hivyo, neno "dimmable" kwenye balbu si ahadi kwamba itapatana na kila dima duniani. Watengenezaji wengi hutoa orodha ya dima walizozijaribu na balbu zao. Kama huwezi kuipata, fanya kama ninavyofanya mimi sasa: nunua balbu moja, ijaribu nyumbani kwa siku mbili, ndipo urudi kununua zilizobaki. Taa zote za dima moja ziwe za aina moja na kampuni moja. Usichanganye globu na LED.

DALILI NA TIBA

Taa ikitetemeka: hakikisha balbu inakubali dima, kisha jumlisha wati uone kama zinafikia kiwango cha chini. Ukiona taa za nyumba nzima zinatetemeka, hata zisizo na dima, tatizo ni umeme wenyewe au nyaya zilizolegea, na hapo mwite fundi bila kukawia. Ukitaka kuhakikisha mtetemo ambao jicho halina hakika nao, ielekeze kamera ya simu kwenye taa. Milia mizito inayopita kwenye kioo cha simu ni ishara kwamba mwanga haujatulia. Mjukuu wa mama ndiye aliyenifundisha hilo.

Taa ikikataa kuwaka dima ikiwa chini: dima nyingi za LED zina skrubu ndogo au kitufe cha kuweka kiwango cha chini cha mwanga. Mwambie fundi akipandishe kidogo.

Dima au taa ikilia: mara nyingi ni dima ya kukata mwanzo wa pigo iliyofungwa kwenye LED. Badilisha dima.

Taa ikitoa mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa: dima fulani za elektroniki hupitisha umeme kidogo sana siku zote, na LED hutosheka na huo kidogo. Si mzimu. Lakini pia isichukuliwe kwamba waya hauna umeme.

Dima ikiwa na uvuguvugu: hiyo ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuacha mkono, au ikitoa harufu ya kuungua, izime kwenye meni swichi na usiitumie tena.

Usiudharau mtetemo wa taa. Mwanga unaomulikamulika huchosha macho na kuumiza kichwa, na kwa baadhi ya watu wenye kifafa unaweza kuchochea kifafa chenyewe.

FENI NA SOKETI

Regyuleta ya pangaboi na dima ya taa hufanana kwa sura, na nimeona nyumba ambako moja imefungwa mahali pa nyingine. Feni ina mota. Dima ya taa huifanya ingurume na kupata joto. Nayo regyuleta ya feni haikutengenezwa kwa taa. Kila moja ibaki na kazi yake. Vilevile dima isitawale soketi ya ukutani. Leo mtachomeka taa ya mezani, kesho mgeni atachomeka redio au chaja ya simu.

Kwa ngazi au korido yenye swichi mbili, moja huku na nyingine kule, nunua dima ya njia mbili, na iwe dima moja tu. Upande wa pili ubaki na swichi ya kawaida. Dima mbili za kawaida kwenye taa moja zitagombana.

Kazi ya kuifunga mwachie fundi mwenye ujuzi, na umwone akizima meni swichi kwa macho yako kabla hajafungua chochote. Kuzima dima peke yake hakutoshi.

KAMA FEDHA HAITOSHI

Si kila nyumba inahitaji dima. Jikoni, mahali pa kukatia nyama na kupepeta mchele, unahitaji mwanga kamili. Na kama huwezi kununua dima nzuri pamoja na balbu zake, acha swichi ya kawaida darini, ununue taa ndogo ya mezani yenye LED ya wati 2 au 3 kwa ajili ya usiku. Kubwa ya kusomea, ndogo ya kuamkia. Ningeanza na hilo ningekuwa nimefanya busara kuliko kununua dima rahisi mara moja na balbu mara tatu.

Sisi tulimaliza kwa dima ya kukata mwisho wa pigo, yenye kiwango cha chini cha wati 5, na LED mbili zinazokubali kufifishwa. Fundi alipomaliza, alimwita mama aizungushe mwenyewe. Akaishusha mpaka chini kabisa, akakaa kimya akiitazama. Kisha akaipandisha. Kisha akaishusha tena.

"Imetulia," alisema. Halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mngeniuliza."

Ni kweli. Kwa wiki sita nilimwuliza kama amekula, kama amelala vizuri, kama dawa za macho amezitia. Sikumwuliza kwa nini ameacha kusoma. Mpendwa msomaji, kama mzee wa nyumbani mwako ameacha kusoma, kufuma au kusuka wakati wa usiku, usiharakishe kusema ni uzee. Muulize anaona nini. Kisha kaa naye chumbani mwake jioni moja, taa ikiwa katika kiwango anachokitumia yeye, wala si kile unachokiwasha wewe unapoingia kumsalimu.

Ukili wa mama umerudi mapajani. Mkeka ukimalizika, amesema ni wa yule mjukuu wa darasa la tano.